Kisanduku cha Mzee Mbele ya Mkaguzi

Kabla ya kuhamia Alexandria miaka ya 2000, Ofisi ya Hataza ya Marekani ilikuwa Crystal City, upande wa Virginia wa mto Potomac. Ilitawanyika katika majengo marefu ya kukodi yaliyounganishwa chini kwa chini na njia za maduka, hata ukishuka treni uliweza kutembea mpaka kwenye lifti ya mkaguzi bila kuliona jua. Nilifanya kazi katika mtaa ule miaka mingi. Kati ya majalada yote yaliyopita mikononi mwangu, moja ninalikumbuka ukurasa kwa ukurasa: la njia ya kutengeneza namba nasibu kwa usalama, lililoombwa mwaka 1996 na mhandisi mmoja mstaafu wa redio, na kukubaliwa mwaka 1998. Nalisimulia sasa kwa sababu jambo lililobishaniwa mle ndani lilikuja baadaye kuwatikisa watu wazito, na nadhani ni haki ijulikane kwamba lilishawahi kuwekwa mezani.

Mimi nilikuwa mtaalamu wa ufundi katika ofisi ndogo ya wakili wa hataza. Nilikuwa nimesomea uhandisi wa umeme. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza mvumbuzi, kuelewa alichobuni, kisha kwenda kwenye ukumbi wa upekuzi kutazama kama kuna aliyemtangulia. Siku hizi mtu hupekua hataza akiwa kitandani na simu. Wakati ule kompyuta zilikuwepo ukumbini, ukizilipia kwa saa, lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa ya karatasi. Hataza zilipangwa katika vishubaka kwa madaraja na vidaraja. Unavuta bunda, unaliweka juu ya meza, unapitisha kidole gumba ukitazama mchoro wa ukurasa wa kwanza, na jicho likishazoea linaweza kupita mamia bila kuruka hata moja. Vidole vilikuwa vyeusi jioni.

Sababu ya watu kuanza kuhangaikia namba nasibu ilikuwa ya wazi. Ufunguo wa siri unaotumiwa na kompyuta mbili kuzungumza bila kusikilizwa si kitu zaidi ya namba kubwa. Asiyeijua namba hiyo atalazimika kujaribu moja moja, na zikiwa nyingi vya kutosha atakufa kabla hajaipata. Lakini hesabu hiyo inasimama pale tu namba inapochaguliwa pasipo mpangilio wowote wa kubashirika. Septemba 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, walionyesha kwamba kivinjari cha Netscape, ambacho ndicho kilichokuwa kikitumiwa na watu wengi, kilipata mbegu ya funguo zake, yaani namba ya kuanzia, kutokana na saa ya kompyuta na namba mbili ambazo mfumo huzipa programu zinazoendeshwa. Aliyekuwa na akaunti kwenye mashine hiyohiyo aliweza kuupata ufunguo kwa chini ya dakika moja. Usimbaji wenyewe haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kule ufunguo ulikozaliwa.

Mzee alikuja ofisini miezi michache baada ya habari hiyo kutoka magazetini. Kwa desturi ya pale nilimwita kwa jina lake la ukoo, lakini moyoni mwangu alikuwa Mzee tangu siku ya kwanza, na humu nitamwita hivyo. Alikuwa ametumia maisha yake yote kupambana na kelele: ule mchakarisho unaousikia kwenye redio isiyo na stesheni, ambao wahandisi wa mawasiliano huuonea uchungu kwa kuwa haumaliziki. Baada ya kustaafu aliamua kuutafuta kwa makusudi. Alileta kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu, akakifungua, akatuonyesha dayodi mbili ndogo za zena zimekaa bega kwa bega.

Dayodi ya zena ukiipitishia umeme kinyumenyume mpaka ikaelemewa, mkondo hauendi kwa utulivu. Elektroni hupasua njia kwa mafungu, kila fungu na wakati wake, na hakuna fundi wala mwanafizikia anayeweza kukuambia fungu lijalo litapita lini. Ukikuza tetemo hilo na kulilinganisha na kiwango fulani, juu yake ni moja na chini yake ni sifuri, unapata mfululizo wa biti. Mfululizo huo huwa umepinda kidogo, pengine moja ni nyingi kuliko sifuri. John von Neumann alishaonyesha tangu 1951 namna ya kuunyoosha: chukua biti mbilimbili, zikifanana zitupe, zikitofautiana shika ya kwanza. Baada ya hapo Mzee alizipitisha biti kwenye heshi, yaani ile hesabu inayochukua data ya urefu wowote na kutoa muhtasari wa urefu maalumu ambao hubadilika wote ukigusa hata biti moja ya data. Alitumia SHA-1, iliyokuwa imetolewa rasmi na serikali mwaka 1995, yenye muhtasari wa biti 160.

Mpaka hapo hapakuwa na jipya, na nilimwambia hivyo kabla sijaenda ukumbini. Jipya lake lilikuwa mahali pengine. Dayodi mbili zile zilikuwa zikitolewa moja kutoka nyingine. Kelele yoyote iliyoingia kutoka nje, iwe mvumo wa umeme wa ukutani au mawimbi ya redio ya jirani, iliziingia zote kwa pamoja ikajifuta, na kilichobaki ni kile ambacho kila dayodi ilikizaa peke yake. Kisha kukawa na njia ya tatu iliyojumlisha badala ya kutoa. Hiyo ilikuwa mlinzi: sauti ya pamoja ikipanda, maana yake kuna mtu au kitu kinachojaribu kuzilazimisha dayodi kutoka nje, na kisanduku kinanyamaza. La mwisho, na ndilo alilolishikilia kwa nguvu kuliko yote, vipimo vya ubora vilifanywa kwenye biti ghafi, kabla hazijagusa heshi.

Upekuzi wangu ulileta mlima. Watu walikuwa wakichuma namba kutoka kwenye kelele tangu zamani. Uingereza ilikuwa na ERNIE, mashine iliyoanza kuchagua washindi wa hati za bahati nasibu za serikali mwaka 1957 kwa kelele za taa za neoni. Shirika la RAND lilichapisha mwaka 1955 kitabu kizima cha tarakimu milioni moja zilizotokana na mipigo ya elektroniki. Mwaka 1984, kwenye mkutano wa CRYPTO, ilielezwa chipu nzima ya kutengeneza namba nasibu. Mwaka 1994 Don Davis, Ross Ihaka na Philip Fenstermacher walieleza, kwenye mkutano uleule, namna ya kupata unasibu kutokana na msukosuko wa hewa ndani ya diski za kompyuta. Hataza za dayodi za kelele zilikuwa nyingi kiasi cha kujaza meza. Lakini kupima biti ghafi na kuzima kisanduku kabla ya heshi, pamoja na yule mlinzi wa njia ya tatu, hilo sikulipata. Nilirudi tena ukumbini kuhakikisha, maana wakili wetu alikuwa haamini jambo mpaka ulirudie.

Kuna hofu iliyomkaa Mzee ambayo kijana wa leo hataielewa upesi. Kwa sheria ya mwaka 1951, kila ombi la hataza Marekani huchujwa kwanza, na likionekana linaweza kudhuru usalama wa taifa huwekewa amri ya usiri: mvumbuzi hapewi hataza na haruhusiwi kusema. Mwaka 1978 amri ya namna hiyo ilimwangukia George Davida, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Milwaukee, kwa kifaa chake cha usimbaji, na pia Carl Nicolai wa Seattle na wenzake kwa simu yao ya kuficha mazungumzo. Zote mbili ziliondolewa baada ya watu kupiga kelele. Mzee alikuwa amezisoma habari hizo zilipotoka na hakuzisahau. Stakabadhi ya kupokelewa kwa ombi letu ilipofika, hakutazama namba ya ombi wala tarehe. Aliteleza kidole moja kwa moja mpaka kwenye mstari unaosema ruhusa ya kuomba nchi za nje imetolewa, akakaa chini. Mstari huo ulikuwa na maana kwamba wachujaji wamepita na hawakulishika.

Wakili alimuuliza kama yuko tayari kwa upande wa pili wa shilingi, kwamba hataza ikitoka kila kitu kitakuwa hadharani: thamani za vipingamizi, mpangilio wa vipimo, vizingiti, yote. Sheria inadai maelezo yatoshe kumwezesha fundi mwingine kukitengeneza kitu chenyewe. Mzee alisema kifaa cha usalama kisichoweza kuvumilia kuchapishwa hakifai kuuzwa. Auguste Kerckhoffs alikuwa amelisema hilo juu ya usimbaji wa kijeshi tangu 1883, nami bado sijaona sababu ya kulipinga.

Barua ya kwanza ya mkaguzi ilikuja 1997, na ilikuwa kukataliwa kwa madai yote, jambo la kawaida kabisa. Sikuhangaishwa na sehemu ya kwanza, iliyouliza kama hii si hesabu tupu. Tangu kesi ya Benson ya 1972 hesabu peke yake haikupewa hataza, na miongozo mipya ya Februari 1996 ilikuwa imewapa wakaguzi namna ya kulipima jambo hilo. Dai lenye dayodi mbili na kikuza sauti halikuwa na shida ya kuvuka. Sehemu nzito ilikuwa ya pili. Mkaguzi alichukua hataza moja ya dayodi ya kelele, akachukua kiwango cha serikali cha mwaka 1994 kiitwacho FIPS 140-1, akaviweka pamoja, akasema fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angefikia alipofika Mzee.

Kiwango kile kilikuwa na vipimo vinne. Unachukua biti 20,000. Idadi ya moja lazima izidi 9,654 na isifike 10,346. Kuna kipimo cha makundi ya biti nnenne, kuna cha urefu wa mifululizo ya biti zinazofanana, na hairuhusiwi kabisa kupata biti 34 zinazofanana zikifuatana. Mkaguzi aliuliza swali la haki: ikiwa serikali imeshasema namba zipimwe, kuna uvumbuzi gani katika kuzipima mapema badala ya mwishoni? Kubadilisha mahali pa kipimo ni jambo la fundi wa kawaida.

Niliisoma barua ile nikaona ana hoja. Wakili naye aliona hivyo. Mzee peke yake alisema mkaguzi hajaelewa, na si kosa lake, kwa sababu sisi tulioandika ombi hatukuwa tumelitaja wazi. Akaomba apewe nafasi ya kuonana naye uso kwa uso, jambo ambalo sheria inaliruhusu.

Tulikwenda watatu, tukakaa katika chumba kidogo cha mkaguzi kilichojaa majalada mpaka dirishani. Wakaguzi walipimwa kwa idadi ya majalada waliyoyamaliza, na kila jalada lilikuwa na saa zake, kwa hiyo muda alioutoa alasiri ile ulitoka kwenye hesabu yake mwenyewe. Nimemheshimu kwa hilo mpaka leo. Mzee aliweka visanduku viwili juu ya meza na kompyuta ya kubeba. Kisanduku cha kwanza alikuwa amekitengeneza kwa kufuata hataza ileile iliyotajwa kwenye barua, akakiongezea vipimo vya serikali mwishoni, kama mkaguzi alivyosema fundi wa kawaida angefanya. Dayodi moja, kikuza sauti, heshi ambayo kila mzunguko ilichanganya biti mpya na tokeo la mzunguko uliopita, kisha vipimo.

Akakiwasha. Biti 20,000 zikaingia kwenye kompyuta, vipimo vinne vikapita vyote.

Akakizima. Akachukua koleo ndogo, akaing'oa dayodi na kuiweka juu ya jalada la mkaguzi, kipande kisichofika hata ukubwa wa punje ya mchele. Akakiwasha tena kikiwa hakina chanzo chochote. Vipimo vinne vikapita vyote.

Mkaguzi alisogeza kiti. Mzee hakusema kitu. Alitoa kwenye mkoba karatasi aliyokuwa ameichapa nyumbani usiku wa kuamkia siku ile na kumkabidhi. Mkaguzi aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa karatasi, akatazama kioo cha kompyuta, akashuka mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Zilikuwa namba zilezile. Bila dayodi heshi ilikuwa ikilishwa sifuri tupu, ikaendelea kuchanganya tokeo lake na tokeo lake, na yeyote mwenye SHA-1 angeweza kuzihesabu namba zote zitakazotoka kwenye kisanduku hicho mpaka mwisho wa dunia. Lakini kwa macho ya vipimo vya mwishoni zilikuwa namba nasibu nzuri kabisa.

"Kwa hiyo kipimo cha mwishoni hakipimi chanzo," mkaguzi alisema.

"Kinapima heshi, bwana mkaguzi, na heshi haina tatizo. Ndiyo maana mteja hatajua."

Kisha akawasha kisanduku chake. Aling'oa dayodi moja: taa nyekundu, hakuna hata biti moja iliyotoka. Akairudisha, akachukua redio ya mkononi, akaibonyeza karibu na bati: taa nyekundu tena, safari hii kwa sababu ya njia ya tatu. Mkaguzi aliomba aibonyeze yeye mwenyewe redio hiyo, akaisogeza mbali kidogo kidogo ili aone kisanduku kitarudi kuzungumza akiwa umbali gani.

Waliongea wao wawili kwa muda mrefu, mimi na wakili tukisikiliza. Mkaguzi alikuwa na ukali wa aina ninayoipenda. Alisema hawezi kumpa Mzee kila kifaa kinachopima kelele, kwa sababu madai ya namna hiyo yangewafunga watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo kabla yake. Akamwambia: kama siri ya uvumbuzi wako ni mahali pa kipimo na kile kinachotokea kipimo kikishindwa, basi hilo liandikwe ndani ya dai lenyewe, kwa maneno ambayo hayawezi kusomwa kwa namna nyingine. Dai letu la kwanza lilikuwa limeandikwa kwa mapana, jinsi mawakili wapendavyo. Lililotoka baada ya kikao kile lilikuwa jembamba, lakini lilisema ukweli wa kisanduku: dayodi mbili, tofauti yao, jumla yao, kipimo juu ya biti ghafi, na mlango unaofungwa kabla ya heshi. Barua ya kuruhusu ilipokuja ilikuwa na aya fupi ya sababu, na sababu ilikuwa hiyohiyo ya mahali pa kipimo.

Wakati jalada letu likingoja kuchapishwa, ilitoka hataza nyingine iliyotupa mshangao. Jumanne ya tarehe 24 Machi 1998, maana hataza za Marekani hutoka siku za Jumanne, nilikuta hataza namba 5,732,138 ya Silicon Graphics. Wavumbuzi walikuwa Landon Curt Noll, Robert Mende na Sanjeev Sisodiya. Walikuwa wameomba tarehe 29 Januari 1996, nasi hatukujua, kwa sababu enzi hizo ombi lilibaki siri mpaka hataza itoke. Kuchapisha maombi baada ya miezi 18 kulianza kwa yale yaliyoombwa kuanzia mwisho wa Novemba 2000. Wao walipiga picha taa za lava, zile taa za mapambo zenye nta ya rangi inayopanda na kushuka ndani ya chupa, wakaigeuza picha kuwa data, wakaipitisha kwenye heshi, na tokeo lake likawa mbegu ya jenereta ya kihesabu. Dai lao halikutaja taa. Lilishika mfumo wowote wa vurugu unaoweza kugeuzwa kuwa data. Mzee aliisoma akafurahi kama mtu aliyepata ndugu. Alisema hawa nao wameelewa, kwa sababu ukiingia chumbani mwao unaweza kukiona chanzo kwa macho. Hataza hiyo iliisha muda wake mwaka 2016, na mwaka uliofuata kampuni ya Cloudflare ilitangaza ukuta wake wa taa za lava katika ofisi yake ya San Francisco, unaofanya kazi hiyohiyo.

Ya Mzee ilitoka, akaitundika ukutani, na hakuna aliyeinunua. Ada ya kwanza ya kuidumisha hulipwa miaka mitatu na nusu baada ya kutolewa. Muda ulipofika hakulipa, ikaanguka mikononi mwa umma. Hakunung'unika. Makampuni aliyoyazungukia yalimwambia namba zao zinapita vipimo vyote, na yeye alijua maana ya sentensi hiyo kuliko waliomwambia.

Nilikuwa nimeshastaafu Septemba 2013 magazeti yalipoandika, kwa nyaraka za Edward Snowden, kwamba Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilikuwa limepenyeza udhaifu katika kiwango cha usimbaji kilichotolewa 2006. Wataalamu walijua mara moja kinachosemwa ni Dual_EC_DRBG, jenereta iliyoingizwa kwenye waraka wa taasisi ya viwango NIST. Jenereta hiyo hutumia nukta mbili kwenye mkunjo wa kihesabu, zinazoitwa P na Q. Waraka ulizitoa nukta hizo zikiwa tayari, bila kueleza zilipatikanaje. Agosti 2007, kule Santa Barbara, Dan Shumow na Niels Ferguson wa Microsoft walionyesha kwamba mtu aliyezichagua P na Q huku akijua uhusiano uliopo kati yake angeweza kutazama baiti 32 tu za matokeo na kuzijua namba zote zinazofuata. Kwa mtu mwingine yeyote, matokeo hayo hayakuonyesha alama yoyote kwamba kuna anayeyajua.

Niliposoma hayo nilifanya nilichokuwa nikikifanya maisha yangu yote ya kazi: nilikwenda kwenye hataza. Nikaikuta. Daniel Brown na Scott Vanstone wa Certicom, kampuni ya Canada, walikuwa wameomba hataza Januari 2005, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kiwango kutoka. Ombi lao lilieleza mambo mawili bila kuficha. Moja, kwamba anayejua uhusiano wa P na Q anashika ufunguo wa kuyafungua mawasiliano ya wengine, na namna ambavyo ufunguo huo unaweza kutunzwa na mwenye mamlaka. Pili, namna ya kuziba tundu hilo: ichague Q kwa njia inayomthibitishia kila mtu kwamba hakuna anayeujua uhusiano wake na P. Ombi lilichapishwa 2006, wakati kiwango kilekile kikipelekwa kwa watumiaji. Lilikaa hadharani, kwa lugha iliyo wazi kuliko ya makala nyingi za chuo, na hataza ya Marekani namba 8,396,213 ikatolewa Machi 2013, nusu mwaka kabla ya magazeti.

Nimewasikia watu wakiilaumu ofisi ya hataza kwa hilo, kwamba iliupa mlango wa nyuma muhuri wa serikali. Nakataa. Mkaguzi haulizwi kama kitu ni salama. Sheria inamwamuru aulize kama ni kipya, kama kingekuwa dhahiri kwa fundi, kama kina manufaa, na kama kimeelezwa kikamilifu. Kwa swali hilo la mwisho jalada la Certicom lilijibu vizuri kuliko kiwango cha serikali chenyewe, kwa sababu mwombaji hataza analazimika kusema kitu kinatoka wapi, na mwandishi wa kiwango hakulazimishwa na mtu. Waliotakiwa kulisoma ni wale waliokuwa wakichagua jenereta kwa ajili ya vifaa vya wateja wao. Disemba 2015 Juniper Networks ilitangaza kukuta msimbo usioidhinishwa katika ScreenOS, mfumo wa ngome zake za mtandao. Watafiti walipouchambua waliona kwamba mfumo huo ulikuwa ukitumia Dual_EC, na kwamba mtu aliwahi kuingia akabadilisha Q na kuweka yake. Namba ziliendelea kutoka, nzuri kwa vipimo vya kawaida, zikiwa zimebadilisha mwenyewe.

NIST iliiondoa Dual_EC kwenye waraka wake, na toleo jipya la Juni 2015 halina jenereta hiyo. Januari 2018 ikatoa waraka mwingine, SP 800-90B, unaoshughulikia vyanzo vya unasibu peke yake. Niliuchapa wote, nikakaa nao mezani na kalamu. Unataka chanzo kichunguzwe bila kukoma kifaa kinapofanya kazi. Unatoa vipimo viwili vilivyoidhinishwa: kimoja cha thamani moja kujirudia mno, kingine cha thamani moja kuzidi kiwango chake ndani ya kipindi. Na unataka vifanyike juu ya data ghafi ya kelele, kabla ya kusafishwa kwa heshi au kwa njia nyingine yoyote. Mzee alikuwa ameshafariki. Nilipiga mstari chini ya sehemu hiyo, nikapiga nakala, nikaipeleka kwa binti yake pamoja na dai la kwanza la hataza ya baba yake, ili ayasome yote mawili kwa pamoja.